Ukifika Kipilefti, Kata Kulia

Mama yangu amehukumiwa kushika kushoto. Hukumu yenyewe ni maneno mawili na haina tarehe ya kumalizika. Anaizunguka barabara ya mviringo iliyo mbele ya Nyumba ya Asili, ofisi ya kusajili maneno, ukingo wa nje ukiwa kushoto kwake, na ataizunguka mpaka iamuliwe neno alilolitamka limezaliwa wapi. Mwenye kuamua ni Msajili. Mwenye kuandika kadi ya kuamulia ni mimi, binti yake.

Kosa lake nalieleza mapema, asije mtu akafikiri aliiba au aliua. Mgeni mmoja mwenye begi begani alimwuliza njia ya kwenda sokoni. Mama akanyoosha mkono, kama mtu yeyote wa mji huu angefanya, akasema: "Ukifika kipilefti, kata kulia."

Basi. Mgeni akashukuru, akaenda. Lakini nyuma ya mama walikuwa wamesimama Walinzi wa Lugha. Katikati ya mviringo ule kuna kibao cha chuma chenye maandishi ya Kiingereza, KEEP LEFT, yaani shika kushoto. Vibao vya namna hiyo vilisimikwa kwenye kila mviringo na watu ambao wamekwisha kuondoka, na wa kwetu walioviona mara ya kwanza hawakuona amri. Waliona jina. Walidhani mahali hapo ndivyo panavyoitwa, kama vile mlango unavyoandikwa jina la mwenye nyumba. Wakalitia mdomoni, wakalilainisha, likatoka kipilefti. Kimoja kipilefti, viwili vipilefti. Kwa hiyo mama, kwa masikio ya Walinzi, alisimama mchana kweupe akamwambia mgeni: ukifika penye Shika Kushoto, shika kulia. Ameivunja amri kwa kutumia jina la amri yenyewe. Hati ya mashtaka imeandikwa hivyohivyo, na chini yake pana muhuri.

Tangu hatua yake ya kwanza jua limesimama saa nane. Mjini hatuna tena asubuhi wala jioni, tuna mizunguko. Mapacha wa mtaa wa nyuma walizaliwa mzunguko wa arobaini. Ukuta wa shule ulianguka mzunguko wa mia na kitu. Nikimtazama kutoka dirishani kwangu, ghorofa ya pili, si kila mara nina hakika kwamba ninayemwona ni yeye. Mzunguko mmoja anapita bibi kizee aliyepinda mgongo, mkono mmoja kiunoni. Unaofuata anapita msichana wa miaka tisa, kanga ileile imemzidi kimo, anaiburuza vumbini. Mara moja alipita mwanamke wa umri wangu mwenye kovu langu la kidevuni, nikajishika kidevu kuhakikisha kwamba bado nimo chumbani. Kila akifika mbele ya kibao, mlinzi wa zamu, Afande Sudi, hupaza sauti: "Keep left!" Bila sauti hiyo hukumu haiendelei. Ndivyo sheria ilivyo: amri lazima itamkwe na kinywa kila mzunguko, la sivyo inakufa palepale. Sudi ana sauti nzuri, ya mtu aliyewahi kuimba. Nimeanza kuichukia.

*

Katika mji huu neno lisilo na kadi halitamkwi. Kadi ina mistari minne: neno, maana, asili, ushahidi. Mimi nina stashahada ya lugha, na watu hupenda kunikumbusha kwamba stashahada si shahada. Nilipewa meza ya Kiingereza kwa sababu nilikijua kuliko hao wanaonikumbusha. Juu ya meza hiyo kuna Kitabu Kikubwa kilichofungwa kwa mnyororo, ambamo kila neno la Kiingereza limeandikiwa lilikotoka.

Siku ya kwanza nilikiogopa. Nilidhani nitakuta ikulu. Nikakuta stendi. Kila mmoja katoka mahali, kila mmoja kabeba mzigo wa mwenzake, na hakuna anayekumbuka nani alifika kwanza. Neno lao la dirisha waliachiwa na watu wa kaskazini waliokuja kuwapora, na maana yake ilikuwa jicho la upepo. Neno lao la bwana mkubwa, lile ambalo watu wameinama mbele yake hadi migongo ikavunjika, lilikuwa mlinzi wa mkate, na la bibi mkubwa lilikuwa mkandaji wa unga. Neno lao la msuli ni kipanya, kwa kuwa Warumi waliukunja mkono wakaona kitu kidogo kinakimbia chini ya ngozi. Neno wanalomsifia mtu mwema lilianza safari yake likiwa na maana ya mjinga. Ng'ombe ana jina moja akiwa malishoni, jina la wachungaji, na jina jingine akishapikwa, jina la wale waliovuka maji wakaja kutawala. Soma mstari huo mmoja na umekwisha kujua nani alikuwa juani na nani alikuwa amekaa mezani akisubiri. Sukari yao na sukari yetu ni ndugu kabisa. Zimetoka mashariki ya mbali, zikalala kwa Waarabu, moja ikashika njia ya kaskazini na moja ikaja kwetu, na leo zikikutana hazisalimiani.

Na mbwa. Neno lao la mbwa, mnyama anayelala miguuni pao, aliyewatangulia kila walikokwenda. Nilifungua ukurasa wake nikiwa na shauku kama ya mtoto. Nikakuta maneno mawili: asili haijulikani.

Nilikaa na ukurasa huo mizunguko mingi. Swali lililoniingia hapo halijatoka hadi leo, na ndilo ninaloandikia haya. Je, kitu ni mali ya mwanzo wake? Na kama ni hivyo, nani alisimama pale mwanzo akiwa na kalamu? Maana mwanzo haujioni. Neno la kwanza lililotamkwa halikuwa na neno jingine la kulieleza. Mtu wa kwanza aliyesema "mimi" alimwambia nani? Anayekuja baadaye ndiye anayegeuka nyuma, anapiga mstari mchangani na kusema: ilianza hapa, na mimi ndiye niliyekuwa hapa. Mstari huo ndio utawala. Bunduki huja kuulinda tu.

Mimi ni nani kama jina langu lina kwao?

Na mama ni nani, kama neno lake halina?

Anapita tena. Mzee. Mzee. Mtoto. Mimi. Mzee.

*

Mzunguko wa mia mbili tisini na moja, Msajili Anzuruni alipanda ngazi hadi mezani kwangu. Ni mtu wa kwetu kabisa, nyumba ya tatu kutoka kwa mama, aliwahi kula wali kwetu akiwa hana hata kiatu. Sasa ana tai, na anaitumia kufutia miwani.

"Shikamoo, Msajili."

"Marahaba. Kadi?"

"Bado."

"Mwanangu Sikudhani, kadi ya mistari minne! Asili: Kiingereza. Weka nukta, twende tukale."

"Nikiandika Kiingereza neno linakuwa mali ya Nyumba. Likiwa mali ya Nyumba linabaki amri. Likibaki amri mama hasimami."

"Na ukiandika Kiingereza, utakuwa umesema uongo?"

Hapo alinibana, na alijua. Ningeweza kudanganya. Ningeweza kubuni mzizi wa kale, nikauvisha shanga, nikasema babu zetu walikuwa na kipilefti chao kabla ya chuma. Wapo wanaofanya hivyo, na wanapigiwa makofi ukumbini. Mimi siwezi. Mwenye kujivunia lugha yake akaidanganyia vyeti ameitukana kuliko adui.

"Sauti ni yao," nikasema. "Neno si lao."

Akacheka, akavuta kiti. "Haya, mwenye stashahada. Nifundishe. Maana nakuona unavyoilinda hiyo lugha yako kama bikira, wakati mwili mzima umeokoteza. Meza unayoiegemea ni ya Wareno. Dirisha unalochungulia ni la Waajemi. Kitabu ni cha Waarabu. Hata wewe! Si-ku-dhani. Dhani imetoka Uarabuni. Ukirudisha vya watu unabaki na nini?"

"Nabaki na si na ku."

"Vijisilabi!"

"Hivyohivyo. Si ni mimi, na ni kukataa, vyote viwili kwa pigo moja. Ku ni wakati nilipokataa. Dhani walileta wao, sawa, ahsante yao. Aliyekataa kudhani ni mimi."

Aliacha kufuta miwani.

Nikaendelea, kwa kuwa nikianza huwa siachi. "Chukua hicho kitabu. Kilipotufikia kilikuwa kitabu tu, na kwao wakiwa navyo vingi wanasema kutub. Wa kwetu wakasikia ki pale mbele wakasema, aa, kumbe ni ndugu, ana ki kama kiti, kama kisu. Wakakizalisha vitabu. Lilikuwa kosa, Msajili. Kosa zuri ajabu, ambalo sisi tu ndio tungeweza kulifanya. Kipilefti ni kosa hilohilo. Nani aliwahi kuona amri ina wingi? Mwamrishe mtu 'njoo', halafu niletee njoo tano. Lakini vipilefti vipo, naweza kuvihesabu. Kipilefti kile kikubwa kimevunjika ukingo. Vipilefti vile vikubwa vimevunjika kingo. Umesikia? Sentensi nzima imebadili nguo kwa heshima yake. Kile, kikubwa, kimevunjika, vyote vimesimama kumpisha. Kwao neno hilo likipita hakuna anayeinuka hata kwenye kiti. Neno limezaliwa pale linapoinukiwa."

Huko chini Sudi akapaza sauti: "Keep left!" Mia mbili tisini na mbili.

"Umesema vizuri," Msajili akasema taratibu. "Ningekuwa mwalimu wako ningekupa alama zote. Ila kadi ina mstari wa nne."

"Ushahidi."

"Ushahidi. Kinywa cha mtu aliyelitamka neno bila kujua kwamba anasikilizwa, mahali, na saa. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu, au chuoni kwenu hawakuifikia?"

"Walianza nayo."

"Basi. Kinywa cha mama yako hakifai, ni mshtakiwa. Chako hakifai, ni mwanawe. Cha mpita njia hakifai, mpita njia hana kadi ya kazi. Niletee kinywa cha mtu wa Nyumba hii." Akasimama, akarudisha tai mahali pake. "Mzunguko wa mia tatu ukifika nawe una mikono mitupu, nitaiandika mwenyewe, na mwandiko wangu unaujua. Mfupi."

*

Nilishuka na kadi mkononi. Mtaani hapakuwa na mtu asiyejua neno lile na hapakuwa na mtu aliyelisema. Tangu hukumu, ndimi zote zilikuwa zimepanda ukingo na kuzunguka pembeni. Wafagiaji wa Nyumba niliowauliza wanafagia wapi walijibu: "Pale panapozunguka." Karani wa mapokezi alisema: "Kwenye ile duara." Dereva wa Msajili, mtu mwenye mdomo usio na breki, alinitazama kwa huruma, akasema: "Pale kwa mama yako, dada." Neno lilikuwa limejaa mji mzima kama maji yaliyozuiwa, na kila mtu amefunga bomba lake.

Nikaingia barabarani, nikatembea naye.

Mwanzoni alikuwa bibi kizee. Alipumua kwa tabu na hakugeuza shingo.

"Umekula?" akaniuliza.

"Mama! Wewe ndiye wa kuulizwa."

"Mimi natembea, aliyekaa ndiye anayesikia njaa. Miguu tu imeanza kuota meno." Akatembea hatua kadhaa. "Yule mgeni alifika sokoni?"

"Alifika. Alinunua viazi, watu walimwona."

"Basi nilimwelekeza vizuri."

Alikuwa ameisema kesi yote na mimi nilihitaji stashahada kuizunguka. Tulipopita upande wa kivuli nilihisi mkono ulioushika mkono wangu unapungua, vidole vinakuwa vifupi, na nilipotazama chini palikuwa na msichana wa miaka tisa mwenye kamasi kavu puani. Aliniinulia uso kwa adabu.

"Shikamoo, dada."

Sikuweza kuitikia. Mama yangu alikuwa ananiamkia mimi. Ningeitikia ningekuwa nimekubali kwamba wakati umegeuka kweli, kwamba wanaweza kumzungusha mpaka arudi nyuma ya kuzaliwa kwangu, mpaka apite mahali ambapo mimi sijawahi kuwepo na hapana wa kumwandikia kadi.

"Dada, tunakwenda wapi?" akauliza.

"Tunashika kushoto."

"Halafu?"

Nilimwachia mkono, nikakimbia ndani.

*

Mia mbili tisini na sita. Nilikuwa nimesimama mbele ya Kitabu Kikubwa, na nilijilaumu kwa jambo moja: kwa mizunguko yote hiyo nilikuwa nikiutetea upande wetu wa neno, na sikuwahi kwenda kugonga mlango wa upande wao. Wanauliza kipilefti kimetoka wapi. Sawa. Na hayo mawili yaliyo kwenye kibao yametoka wapi?

Nikafungua la kwanza, lile la kushika. Kurasa zake ni ndefu, maana wanalitumia kwa kila kitu: kushika ahadi, kushika mtu jela, kushika ufalme. Juu kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mtu asiyetafuta hazioni: asili haijulikani.

Nikafungua la pili. Kushoto. Zamani, maana yake ilikuwa dhaifu.

Nilikaa chini sakafuni. Nisijisifu hapa. Hata sisi mkono huo tuliuita wa kike, na ule mwingine wa kiume, na hakuna mwanamke aliyeulizwa. Lugha yangu ina mavumbi yake nyuma ya kabati, nayajua, nitayafagia siku nitakapopewa nafasi. Lakini kwetu mkono huo wa kiume tuliuita pia wa kulia, wa kulia chakula, ukawa na kazi. Wao, waliotuletea amri ya chuma na kuitia saruji, walikuwa wamesimika katikati ya mji wetu neno lisilojua baba yake, likamshika mkono neno lisilo na nguvu. Na chini ya hayo mawili mama yangu alikuwa anazunguka.

Nikaandika.

Neno: kipilefti. Wingi: vipilefti.

Maana: mahali barabara zinapokutana na kuzunguka.

Asili: sauti kutoka Kiingereza, maneno mawili, la kwanza asili haijulikani, la pili hapo kale dhaifu. Neno lenyewe limezaliwa hapa, kwa kosa, kutokana na watu waliosoma amri wakaona jina.

Ushahidi:

Na hapo kalamu ikasimama.

*

Mia mbili tisini na tisa. Nilikuwa nimeegemea nguzo hatua tatu kutoka kwa Afande Sudi, mgongo wake ukiwa kwangu. Alikuwa ametoka kupaza sauti na jasho linamshuka shingoni. Nilimwona amechoka. Sikutaka kumwona amechoka, lakini nilimwona. Simu yake ya upepo ikakoroma, sauti ya mkubwa wake ikatoka, ya haraka, ya mtu mwenye mambo mengi.

"Sudi, Sudi, uko wapi wewe? Nakutafuta kituo cha pili."

Akaibonyeza bila kufikiri, kama mtu anayejikuna.

"Niko kipilefti cha tatu, mkuu. Vipilefti vingine sijui, ila hiki changu kimetulia."

Niliandika kabla hajaiachia. Kinywa: Afande Sudi, mlinzi wa Nyumba. Mahali: hapahapa. Saa: nane. Hiki, changu, kimetulia. Maneno matatu yameinuka kwenye viti vyao. Kalamu ilipokwaruza karatasi akageuka.

"Dada. Umeandika nini?"

"Ulichosema."

"Mimi sijasema kitu."

Nikamwonyesha. Alisoma midomo ikitikisika, na alipofika mwisho uso wake ukawa wa majivu.

"Futa. Dada yangu, nakuomba, futa. Watanizungusha na mimi. Nina wanangu."

"Afande, ulikuwa unakosea uliposema hivyo?"

"Nakosea nini? Nilikuwa namweleza mtu nilipo!"

"Na mama yangu alikuwa anamweleza mtu aendako."

Nilijua ninachomfanyia. Kama kadi ingekataliwa, angetembea nyuma ya mama yangu, na watoto wake wangehesabu mizunguko dirishani kama mimi. Sikufuta.

Msajili alikuwa amekwisha kutoka nje na muhuri wake, maana kanuni inataka kadi isomwe kwa sauti mahali neno liliposemwa. Akaipokea. Wafagiaji walisimama, dereva akazima gari. Alisoma neno, akasoma wingi, akasoma maana. Alipofika kwenye asili akaendelea kwa sauti ileile kwa sababu ya mazoea, na alikuwa amekwisha kusema "asili haijulikani" na "hapo kale dhaifu" kabla hajasikia anachokisoma. Mstari wa nne aliusoma kwa macho, akamtazama Sudi, akanitazama mimi.

"Ushahidi ni halali," akasema, kwa shida. "Lakini hiyo mistari ya Kiingereza utaikata. Na utaandika barua kwa Nyumba, uombe radhi. Hapo ndipo nitapiga muhuri."

"Imeandikwa kwenye Kitabu chenu."

"Kitabu hakikufungwa mnyororo bure!"

Mama alikuwa anakuja. Mzunguko wa mia tatu. Nilimwona anakata upande wa kivuli, bibi kizee, halafu msichana, halafu mwanamke wa umri wangu, wote hao katika hatua kumi, kama mtu anayepitishiwa kurasa haraka. Alibakiza hatua sita kufika penye kibao. Tano.

"Afande," Msajili akasema bila kumtazama, "kazi yako."

Sudi akavuta pumzi. Akainua kidevu kama anavyofanya kila mara. "Keep," akasema, na hakuendelea.

"Afande!"

"Msajili." Sauti yake nzuri ilikuwa imepungua, ikawa ya mtu wa kawaida anayeuliza njia. "Hilo la kwanza, kumbe hamjui lilikotoka?"

"Paza sauti!"

"Napaza nikisema nini? Mia tatu nzima namfokea mama wa watu, shika udhaifu? Na la kushika lenyewe mmeliokota?"

"Anafika! Paza sauti, Sudi!"

Mama alifika penye kibao. Akasimama kungoja, kwa heshima, kama alivyongoja mara zote. Tulisikia upepo. Tulisikia mtu anakohoa mtaa wa pili. Sudi alikuwa anaangalia buti zake. Kimya kilipita mbele ya mama yangu, na yeye akakipa muda wake wote, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka barabara hadi kwenye ukingo wa katikati, akaketi. Alikuwa na umri wake mwenyewe, hamsini na minane. Akavua kandambili, akaanza kusugua nyayo kwa kidole gumba, polepole, huku akisema ah, ah. Kivuli cha kibao, ambacho hatujakiona kikisogea tangu lini sijui, kilijivuta kidogo juu ya lami.

Nilitaka kumkimbilia. Msajili akanishika kiwiko.

Hakuwa amekasirika. Ningependa angekuwa amekasirika. Alinivuta pembeni, akatoa karatasi tupu na kalamu yake nzuri, akasema kwa sauti ya jirani, ile ya zamani, ya mtu aliyekula wali kwetu:

"Mwanangu, mama amesimama, umepata ulichotaka. Sasa nisaidie mimi. Huko juu watauliza nani alifungua ukurasa ule mbele ya watu. Kesho kila mwenye neno atataka kutuuliza sisi tulikotoka. Mstari mmoja tu. Usipoandika, kuanzia sasa huna meza, na kadi yako ya kusema nitaichukua. Utakuwa mtu asiye na ruhusa ya kutamka hata jina lake. Unaelewa? Nakupenda kama binti yangu. Andika."

Karatasi ilikuwa safi. Nilimrudishia, na kalamu juu yake.

"Msajili, siombi radhi."

"Hata ya adabu tu?"

"Hata hiyo siombi."